Swali la Themanini na Tano

Mimi dereva wa gari la kufukua theluji, mji wa Duluth.
Uuguzi sijausomea hata siku moja,
lakini niulize potasiamu ya mtu mzima iwe ngapi,
nitakujibu huku nakata kona:
tatu nukta tano hadi tano.
Ikizidi hapo, moyo hukosa adabu.

Haya nimeyaokota jikoni.
Aili anasugua sufuria, mimi nimeshika kadi,
mia sita na kumi na mbili, zote kwa mwandiko wake,
zimefungwa kwa mpira wa nywele za Britta.
"Wagonjwa wanne, muuguzi mmoja. Unaanza na nani?"
Naye, povu hadi viwikoni:
"Anayekosa pumzi. Anayepiga kelele, Reino,
anayo pumzi ya kupigia."
Tangu hapo mtoto akilia simkimbilii.
Namhofia aliyenyamaza.

Miaka kumi na tisa amewageuza wazee vitandani,
minne kati ya hiyo na chuo cha jioni juu yake,
na beji bado inasema *msaidizi*.

Mara ya kwanza alianguka.
Mtihani wenyewe ni mashine, na mashine ina hila:
ukipata, inakuletea gumu zaidi,
ukikosa, inakulegezea kamba.
Basi lilipokuja swali la kunawa mikono,
jepesi, la mtoto wa shule,
akajua.
Barua aliikunja mara nne
akaitia chini ya mguu wa meza inayoyumba.
Sikuwa na neno. Nilitoka nje
nikafukua theluji ya jirani tusiyesemezana naye.

Siku arobaini na tano za kungoja, ndiyo sheria.
Alisomea chumba cha mashuka, saa nane za usiku,
kati ya kengele na kengele.
Mzee Tollefson, aliyeendesha winchi bandarini,
hapati usingizi, akaomba naye aulizwe.
Kila swali alijibu, "La tatu."
Figo? La tatu. Insulini? La tatu.
"Hata hujasikia majibu, mzee!"
"Nikiyasikia nitababaika."
Na mara moja moja, jamani, alipata.

Februari, baridi ya kupasua kioo.
Asubuhi ile njia ya kituo cha mtihani
haikuwa kwenye orodha yangu.
Niliifukua, kwenda na kurudi, nikamwaga na chumvi.
Msimamizi aliponiuliza kwenye redio
nilisema huko theluji ilikuwa nene.
Haikuwa nene.

Alitoka kabla sijamaliza kahawa.
Akapanda, akafunga mkanda, akatazama ziwa
na meli ya madini iliyonaswa na barafu.
"Imezima."
Vizuri au vibaya?
"Imezima tu. Swali la themanini na tano, kioo kikawa cheusi."
Tukafika taa za barabarani ndipo akaongeza:
"Moja sikulijua kabisa.
Nikachagua la tatu."

Saa arobaini na nane.
Nyumba nzima tulitembea kama tumebeba mayai.
Simu ililia akiwa anamsuka Britta,
mkononi vishungi vitatu, kimoja kati ya meno.
Nikamsogezea kioo cha simu.
Alisoma neno moja.
Akasuka mpaka mwisho, akafunga mpira,
akaenda sinki, akanawa mikono
sekunde ishirini kamili, kama kitabu kinavyotaka,
maji yakaendelea kutiririka baada ya hapo
muda mrefu.
Nilisikia maji. Nilisikia na mengine.

Mzee Tollefson alipoambiwa
alidai nusu ya mshahara.

Barua ya kwanza ingali chini ya meza;
nimemwambia tununue meza mpya, hataki.
Na jana usiku, nikidhani amelala:
"Kadi ya mia nne na tatu?"
Nikajibu, kwa kujiamini kabisa.
"Umemuua mgonjwa, Reino,"
akasema gizani, akageukia ukuta,
kitanda kikatikisika kwa kicheko chake.