Inadaiwa

Gazeti la chama chetu lilishuka Tabora na treni ya asubuhi,
limekunjwa kwenye kikapu cha mtu, linanuka wino na dagaa.
Pale Isevya, kwenye kibanda changu cha kushona viatu,
msomaji nilikuwa mimi:
nina miwani, na sauti yangu haikwami.

"Inadaiwa," liliandika, "kura zilizokwishapigwa
zimefichwa ndani ya madumu ya asali."
Nikasoma: Kura zilizokwishapigwa
zimefichwa ndani ya madumu ya asali!
Lile neno la mwanzo nililiruka
kama mtu arukavyo kidimbwi siku ya viatu vipya.
Lilichelewesha utamu.

Gazeti halikutaja jina, nami sikutaja.
Ila Isevya nzima muuza asali ni Nyanzala,
na kaka yake Nyanzala
alikuwa anagombea upande wa pili.

Walikwenda wanane. Wa tisa mimi, nyuma,
uzi wa kiatu cha mtu bado kidoleni.
Kapela alipasua dumu la kwanza
kwa kisu changu cha kukatia soli.
Asali ya miombo haina haraka:
ilitoka nyekundu, nzito, ikatafuta mteremko,
ikaingia mchangani.
La pili. La tano. La kumi na moja.
Tukazamisha mikono hadi viwikoni kutafuta karatasi,
tukatoa vipande vya masega na bawa la nyuki.
Mihayo, miaka kumi na sita, asiyejua kusoma,
alisahau akaramba kidole,
kisha akakificha mgongoni.

Nyanzala hakupiga kelele.
Alikuwa anahesabu.

Wiki mbili baadaye gazeti likajisahihisha,
ukurasa wa kumi na nne,
chini ya tangazo la hati ya kiwanja iliyopotea.
Mistari mitatu.
Hiyo sikumsomea mtu.

Kapela sasa anasema tulidanganywa;
ukiuziwa unga wenye mchanga, asema,
alaumiwe mwenye kinu, si mwenye meno.
Ana hoja. Aliyeandika alilipwa,
aliyemtuma ana gari na dereva.
Wabebe la kwao, na liwe zito, liwavunje mabega.
Lakini mimi asali ya Nyanzala nimeila miaka tisa.
Mwanangu alipoungua mguu, ndiyo tuliyompaka.
Nalijua chujio lake, nakijua kitambaa chake cheupe,
najua asivyomruhusu hata sisimizi.
Uongo ulipobisha hodi
niliitikia karibu kabla haujataja jina,
kwa kuwa ulivaa shati la rangi yetu.

Na Mihayo je? Gazeti lake lilikuwa mimi.
Usiku namtoa kwenye hesabu, alfajiri namrudisha:
macho alikuwa nayo, akaona dumu la kwanza tupu,
akaona la pili,
na bado akaenda kushika la tatu.
Sijui. Hesabu ya mtoto huyu inanishinda.

Lugha yetu nayo ina ujanja wake.
Neno la kusema watu wanasema
ndilo hilohilo la kusema kuna deni.
Niliruka neno, likanisubiri mbele:
Isevya inadaiwa.
Sauti yangu, hii isiyokwama,
inadaiwa.

Jumamosi nilimpelekea Nyanzala pesa ya madumu mawili.
Akahesabu, akaandika kwenye daftari, hakusema ahsante,
wala sikuona kwa nini aseme.
Nikaomba kununua nusu lita, kama zamani.
Alichota kijiko, akakiinua kwenye mwanga wa mlango
nione kwamba hamna kitu ndani,
akalamba yeye kwanza, akameza,
akafungua kinywa kunionyesha.

Ndipo akanipimia.