Mizani ya Jikoni

Ziwa bado lina barabara.
Asubuhi gari la kuni limepita juu yake,
likaacha michirizi miwili ya matairi hadi kisiwani,
na sisi, jikoni kwa Verna, mjini Atikokan,
tunabishana tutalivuka kwa makasia mangapi.

Ramani imelala mezani, haitaki kunyooka.
Pembe moja tumeikalia kwa chupa ya chumvi,
ya pili kwa kopo la maharage,
ya tatu kwa kiwiko cha Reijo.
Ya nne hujikunja kila tukigeuka,
inatuficha ziwa lenyewe tunalolitaka.

Februari. Nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Odile anaandika kwa penseli ya seremala:
mitumbwi miwili, mahema mawili, shoka, kamba,
leseni za kuvulia, ndoano zisizo na kijino,
dawa ya mbu,
halafu tena dawa ya mbu,
kwani mwaka juzi tuliisahau
na mbu wa Juni wakatusoma kama gazeti,
ukurasa wa mbele hadi wa michezo.
Kahawa, asema Verna. Iandike kwa herufi kubwa.
Hatuulizi nani aliiacha garini safari iliyopita.
Reijo anatazama dari.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husemwa.
Hapa hausemwi, unapimwa.
Verna ameleta mizani yake ya unga
na kila kitu kinapandishwa kama mtoto kliniki.
Kikaango cha chuma: kilo mbili na nusu.
Kibaki.
Kije.
Kibaki, samaki tutachemsha.
"Samaki wa kuchemsha ni adhabu," asema Reijo,
na kikaango kinarudi kwenye orodha
kikiwa na alama ya kuuliza ubavuni.

Lorne hajasema kitu.
Goti lake la kulia lilifunguliwa na madaktari Oktoba,
likafungwa, na tangu hapo huuweka mguu ule kando
kama kitu cha kuazima.
Kidole chake kimetua juu kabisa ya ramani,
ziwa la mwisho, la trauti wa kilindini,
ambako kufika ni kutoka majini mara saba,
mtumbwi kichwani, msitu kwa msitu,
na mara ya tano ni kile kilima cha mawe
tulichokipa jina lisilofaa mbele ya watoto.

Reijo anakohoa.
Mgongo, asema, siku hizi mgongo wangu.
Mgongo uleule uliopandisha jiko hili ngazini mwezi jana.
Odile asema trauti wamemchosha, anataka paiki,
paiki wa matete, wenye meno.
Odile, ambaye paiki huwaita soksi zenye miiba.
Verna asema lazima awe amerudi Alhamisi, ana miadi.
Miadi gani?
Ya nywele.
Verna, anayejikata nywele
kwa mkasi wa kukatia nyuzi za mshipi.
Nami, zamu yangu ilipofika,
nasema nimeota vibaya kuhusu kile kilima,
uongo mbovu kuliko wote wa usiku huu.

Penseli inashuka kusini.
Kubeba mara mbili tu, njia tambarare,
misonobari imemwaga zulia.
Kambi ghubani. Siku nne, siyo tisa.

Lorne anatutazama mmoja mmoja
kama mtu anayehesabu chenji yake
na kuikuta imezidi.
Nje barafu inalia, ule mngurumo mrefu
wa ziwa linalojigeuza usingizini.
Anakiondoa kidole polepole.
Pembe ya nne inajikunja.

Kisha ananyoosha mkono kwenye mizani,
anakitwaa kikaango,
anakiweka pajani, upande wa goti zima.
"Hiki," asema, "ni changu kubeba."

Odile anafuta alama ya kuuliza,
anapuliza vumbi la kifutio,
nasi tunaanza kugombana kuhusu siagi.