Kibali cha Mzigo Uliozidi

Mwalimu Chambulila alitufundisha mizani kwa vidole:
nane huku, nane huku, kituo.
Mstari ukizidi silabi moja aliuita guta la matofali,
akaukata kwa wino mwekundu.
Leo nakaa Kurasini, ghorofa ya pili, juu ya duka la tairi,
na mizani ninayoijua ni ile ya chuma,
inayotetemeka kidogo kabla ya kusema kweli.

Kazi yangu kuombea vibali vitu visivyoenea barabarani.
Juzi ilikuwa transfoma, imeshuka melini na ukungu wa chumvi:
upana mita tano na nukta mbili,
tani tisini na nne, mbali na lobedi yenyewe.
Ekseli ngapi? Kumi na mbili.
Tairi? Nikazihesabu mara mbili,
maana ukikosea moja fomu inarudi,
na ghala la bandari linahesabu siku kama mwenye nyumba.

Nikapewa namba ya malipo. Nikalipa.
Ada ya upana. Ada ya uzito, kwa kila kilomita.
Ada ya gari la mbele lenye taa ya manjano, na la nyuma.
Bendera nyekundu nne nilinunua Kariakoo,
muuzaji akacheka: kumbe nawe wa Msimbazi?

Saa sita usiku tukatoka geti.
Ngwandu kwenye usukani, anatafuna tangawizi, hasemi.
Juu ya mzigo Shebughe na upondo wake wa mwanzi,
ananyanyua nyaya mmoja mmoja
kama anayempitisha mgeni chini ya kamba za nguo.

Buguruni tukapita.
Mbele kidogo, daraja la waenda kwa miguu likatukatalia
kwa sentimita nane.
Lami imemwagwa juu ya lami, barabara imepanda,
daraja limebaki pale pale na namba yake ya zamani.
Tukakunja kushoto, Tabata,
ambako kibali kinakuita "njia mbadala",
na katikati ya njia mbadala, turubai la msiba.

Fomu ina sehemu ya madaraja,
ina sehemu ya nguzo na ya makalvati.

Saa nane na robo. Kibali kinakufa saa kumi na moja.
Ngwandu akazima injini bila kuambiwa.
Nikashuka na karatasi yangu, mihuri mitatu,
nikajiona mjinga nikiwa bado mbali.
Mdogo wa marehemu, Sadala, akainuka mkekani,
akaisoma yote kwa tochi ya simu, hata maandishi madogo.
"Tani tisini na nne," akasema.
"Na mtu mmoja je? Mnamlipia ngapi?"
Nikasema pole.
Pole haina namba ya malipo.

Hawakulivunja turubai.
Wanaume kumi na wanne walishika nguzo, wakaling'oa,
wakatembea nalo hadi uwanja wa gereji,
na akina mama wakatembea ndani yake, chini ya kivuli cha usiku,
mmoja amebeba sufuria ya uji kwa kanga, haikumwagika.
Transfoma ikapita
kwa mwendo wa wanaobeba jeneza.
Shebughe aliuinamisha upondo. Sijui nani alimfundisha.
Nyuma yetu nikasikia nguzo zikirudishwa mashimoni.

Kimara tulifika saa kumi na dakika arobaini, ndani ya muda.

Asubuhi, fomu ya marejesho: Vikwazo njiani?
Nafasi yenyewe sentimita tano.
Nikaandika "hakuna". Nikafuta.
Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi;
lakini wale waliubeba wetu wakiwa na wao mikononi,
na mimi niliyekuja na mihuri sikushika hata nguzo.
Nikaandika hivyo, kwa herufi ndogo, pembezoni, mpaka maneno yakatoka nje ya kisanduku, yakavuka mstari wa saini, yakaingia kwenye nafasi iliyoandikwa Kwa Matumizi ya Ofisi Tu.
Mwalimu angeukata.
Niliuacha.