Vidole Viwili

Tela ilikuwa ya kubebea kuni,
futi nne kwa nane, kutu imeitafuna pembe zote.
Tuliinunua kwa mzee Trevarrow mwaka ule
binti yetu Kaisa alipohama na kitanda chake,
na kabati, na ile saa ya ukutani niliyodhani ni yangu.
Tangu hapo ikalala nyuma ya gereji,
miezi mitano chini ya theluji, saba chini ya magugu.

Kiwanda cha karatasi kilipofungwa, Waino
alikaa jikoni juma zima akikoroga kahawa isiyo na sukari.
Siku ya nane akatoka na brashi ya waya.
Nikasikia chuma kikikwaruzwa mpaka usiku,
nikasema moyoni: heri chuma kuliko mimi.

Kwanza alichora chozi.
Alilichora kwa penseli ya seremala juu ya plaiwudi,
kwa misumari na ufito mwembamba alioupinda,
mimi nimeshika ncha, glavu mkononi, gauni la kulalia chini ya koti.
"Shusha kidogo. Pandisha. Hapo. Usipumue."
Miaka thelathini na minne ya ndoa
na hajawahi kunitazama kama alivyoutazama ule mpindo.

Nikamuuliza, kwa nini chozi, si boksi?
Akasema, upepo hulipita bila ugomvi.
Nikanyamaza. Ningependa kuwa kitu cha namna hiyo.

Ikaja gundi, zikaja skrubu mia tatu,
ikaja keekee kulia saa ya taarifa ya habari.
Bawaba ya mlango wa nyuma aliifunga mara tatu,
mara mbili kichwa chini miguu juu,
na matusi ya Kifini ambayo mama yake
aliwatolea ng'ombe tu.
Huko nyuma, chini ya kifuniko, ndiko jiko langu:
rafu mbili, ndoano ya kikombe, pahali pa stovu ya gesi.
Mbele, godoro la watu wawili wanaopatana.

Kila siku aliniambia: pima mara mbili, Aili, kata mara moja.
Alipima ekseli. Alipima godoro. Alinipima mimi nimelala,
kwa futi ya chuma, katika baridi ile, mpaka kisigino.
Mlango wa gereji hakuupima.

Mwisho wa Machi tulilisukuma nje kwa mikono,
mkia kwanza. Mkia ukapita.
Jiko likaona jua. Halafu kwaa!
Mgongo wa chozi umebusu kizingiti cha juu.
Penye nia pana njia, watu husema;
hapa njia ilikuwapo, pana, theluji imekwisha kuzolewa,
mlango ndio mfupi, kwa vidole viwili.

Waino hakutukana. Hilo ndilo lililonitisha.
Alikaa juu ya ndoo ya rangi na uso wake wa jikoni.

Basi nikazunguka kwa mlango wa uani,
nikainua kifuniko, nikawasha stovu,
nikachemsha kahawa nimesimama kwenye theluji,
nikampitishia kikombe kwenye kidirisha.
"Ingia," nikasema. "Tumefika."

Usiku ule tulilala humo, vichwa vyetu gerejini,
sufuria zetu nje pamoja na nyota.
Upande wa Ziwa Superior barafu ilikuwa ikipasuka.
Saa tisa akasema gizani: "Matairi."

Asubuhi akayatoa pumzi. Tukapata kidole kimoja.
Kile cha pili tuliwaomba majirani:
mzee Trevarrow, mkewe Loveday,
na Beauchamp wa posta, ambaye kilo zake hazina msamaha,
wakaketi godoroni na viatu vyao vya tope.
Springi zikaguna. Chozi likainama
kama mtu aliyechelewa anayeingia kanisani,
likatoka.

Mkwaruzo upo paani hadi leo. Hataki kuupaka rangi.

Kaisa alipiga simu Jumapili: mnakwenda wapi?
Nikamwambia sijui bado,
baba yako anapima barabara.