Mita Nne na Robo

Julai. Kengele imeufyata.
Kalamu nyekundu, iliyokata maksi mwaka mzima,
sasa inaandika "cheri" kwenye mitungi ya jamu.

Nilipanga mengi: kupaka geti rangi,
kumaliza kile kitabu kinene,
kumtembelea dada yangu Varna.
Geti bado lina kutu.

Saa nne asubuhi niko barazani na gauni la kulalia,
kahawa imepoa, wala sina haraka nayo.
Natema kokwa za cheri, moja moja,
zivuke matuta ya nyanya,
kisha nashuka na futikamba.
Mita nne na robo!

"Mwalimu Zornitsa?"

Kaloyan, darasa la sita, juu ya baiskeli.
Nikakosa la kusema.
Akachuma cheri iliyoning'inia nje ya ua, akauliza:
"Mstari wa kuanzia uko wapi?"