Kamera ya Wanaoanza

Sukuma bakuli la viazi, Ugnė, ukae.
Nimekutandazia vyote juu ya gazeti:
kamera yenyewe, imechujuka pale kidole gumba kilipozoea;
lenzi fupi iliyokuja nayo ndani ya boksi;
lenzi ndefu, ya mtumba, niliinunua Klaipėda,
hukwama ukiivuta wakati wa baridi.
Usiitie nguvu. Ibembeleze, itakuja.
Betri mbili. Moja nzima. Ya pili ina ugonjwa wa moyo,
itakupa picha thelathini, kisha ikate roho.
Chaja. Begi. Mkanda sijawahi kuuvaa,
umeandikwa jina la kampuni kwa herufi za dhahabu,
na kampuni haikunilipa niitangaze.
Kitambaa cha kufutia kioo:
hicho ni cha miwani ya Danutė. Kichukue, asijue.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Hii nimeitembeza wiki saba.
Fundi wa picha aliitazama
kama mtu aliyeokota kiatu kimoja.

Umeuliza: imepiga picha ngapi?
Ndivyo anavyouliza ajuaye kununua;
mwenye kutaka farasi hutazama meno.
Hesabu imefichwa ndani, kijana wa dukani aliichokonoa:
elfu kumi na moja, mia nne na sita.

Basi nikupe daftari.
Harusi ya mpwa wangu, mia mbili, nusu hazina vichwa.
Mafuriko yalipoifunika barabara ya Rusnė, mia tatu.
Danutė, kumi na tisa,
na katika zote kumi na tisa ameinua kiganja: wacha.
Zilizobaki, elfu kumi, mia nane themanini na saba,
ni kiota cha korongo juu ya nguzo ya umeme,
kutoka dirisha hili, kutoka kiti hicho ulichokikalia.

Nilisema nikishajua kupiga, nitatoka nje.
Dukani waliniambia ni kamera ya wanaoanza.
Nikaanza. Nikaanza tena.
Miaka kumi na mmoja nilikuwa naanza.

Dume akirudi mwezi Machi na kijiti mdomoni, nipo.
Makinda wakigombea chura, nipo.
Yule kinda aliyesukumwa nje mwaka wa mvua nyingi,
nilimpiga picha saba
kabla sijashuka ngazi.
Saba. Hizo sikuhitaji kijana wa dukani anihesabie.

Vuli iliyopita kampuni ya umeme ilileta winchi,
ikang'oa nguzo, ikaweka jukwaa la chuma nyuma ya shule.
Korongo wamehamia huko. Nasikia wananawiri.
Ni mwendo wa dakika tisa.

*

Ukasema unauza viatu vya mtumba,
wateja wanataka kuona soli kabla ya kulipa.
Nilicheka. Hukucheka.
Ukavua buti lako la kushoto, ukaliweka dirishani
pale mwanga unapoingia kwa ubavu,
ukabofya. Ukatazama. Ukakunja uso.
Buti hukuligusa.
Ulisogea wewe: ukapiga magoti, soksi yako imetoboka,
ukalaza shavu karibu na sakafu ya jiko langu,
mahali ambapo sijawahi kupaona tangu nihamie,
ukabofya tena.

Nilitaka mia moja na themanini.
Ukasema mia moja arobaini. Biashara haigombi:
tukakutana kwenye mia na sitini,
tukatoa euro tano kwa ajili ya betri mgonjwa.
Mlangoni ukageuka, ukachomoa kadi,
ukaniwekea kiganjani, ndogo kama ukucha.
"Hii si sehemu ya bei," ukasema.

Jioni Danutė alitafuta kitambaa mpaka akachoka.
Akafuta miwani kwa pindo la aproni,
akanikuta kwenye kile kiti.
"Unatazama nini, Algimantas?"
"Nguzo."
"Haipo."
"Najua," nikamwambia, nikaanza kutafuta viatu vyangu.