Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu

Uliingia Novemba, siku boila ilipokohoa mara mbili ikanyamaza.
Hukubisha hodi. Ulipenya chini ya mlango
kama barua ya deni,
ukakaa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Leo una siku themanini na moja ndani ya nyumba hii,
na jembe ninalo, liko stoo, la marehemu Fergus,
lakini nikupe ukalime wapi?
Dundee nzima imekuwa jiwe.

Nimekuachia vyumba viwili. Uhesabu huo kuwa ukarimu.
Chumba cha wageni ni chako, na sebule pia,
yenye dirisha kubwa tulilojivunia
kwa sababu mto Tay ulionekana wote.
Mimi nimehamia jikoni na kitanda cha kukunja.
Blanketi nimelipigilia misumari mlangoni,
magazeti nimeyasokota nikayasokomeza kwenye nyufa:
hotuba ya waziri inazuia upepo wa kaskazini,
kazi yake ya kwanza yenye faida.

Asubuhi najivika kama kitunguu: fulana, fulana, sweta,
sweta la Fergus, koti. Soksi jozi tatu.
Kwenda msalani ni safari ya kuaga watu.

Mita iko ukutani na jicho lake jekundu.
Naipa pauni tano Jumatatu;
Jumatano inanitazama kama sijawahi kuilisha.
Kwa hiyo napika mara moja kwa siku, viazi na shayiri,
na birika likichemka nayagawa maji kama urithi:
kikombe cha chai, chupa ya mpira ya kukumbatia,
yanayobaki nanawia uso.

Mwenye nyumba anasema fundi atakuja wiki ijayo.
Wiki ijayo ni nchi ambayo sijawahi kufika.

Alhamisi nabeba taulo moja kavu
hadi duka la kufulia kwa sarafu, kona ya pili.
Nalitia kwenye mashine ya kukaushia, naegemea kioo,
naliangalia likizunguka, likizunguka.
Mhairi, binti wa zamu, hajawahi kuuliza
ni taulo gani hili linalokaushwa kila wiki bila kulowa.
Juzi alitumbukiza sarafu yake mwenyewe,
akasema, mashine hii mbovu, Bi Ishbel, inazunguka bure.
Kuna uongo ambao mtu akikupa
unaupokea kwa mikono miwili.

Jumapili Struan hupiga simu kutoka Perth,
Perth ile ya Australia, si hii ya jirani.
Huko nyuzi arobaini, watoto wako bwawani.
Mama, nyumba ina joto?
Ina joto, nasema,
na neno lenyewe linatoka mdomoni likiwa moshi mweupe,
linasimama mbele yangu, linanitazama,
linatoweka.

Saa nne usiku bomba hugongwa kutoka chini.
Mara mbili. Ni Pawlak wa ghorofa ya pili.
Nami hujibu kwa kijiko, mara mbili.
Hatukupatana hivyo; ilianza tu,
baada ya yule mzee wa chini kabisa
ambaye maziwa yake yalirundikana mlangoni.

Jana usingizi ulinichukua mapema, sikujibu.
Nikaamshwa na mlango.
Alikuwa amepanda ngazi zote na goti lake lile,
anahema, kifuani ameshika kitu
kilichofungwa kwenye shati la pajama.
Tofali. Alilichoma ndani ya oveni yake,
kwa umeme wake, wa pauni zake.
Shika, alisema. Akageuka akashuka.

Lilikuwa zito kama mtoto aliyelala.
Nilipanda nalo kitandani, magoti yakalizunguka.
Na wewe ulikuwepo, uliona mwenyewe.
Ulisogea.